Fundi wa Mapaa

Picha ni mraba mdogo wa pikseli 64 kwa 64. Kila pikseli imefunika nusu mita ya ardhi, kwa hiyo mraba mzima ni kipande cha mita 32 kila upande: ua wa boma moja huko Siaya, magharibi mwa Kenya, na pengine kona ya shamba la jirani. Katikati pana paa. Nyumba yenye upana wa mita nane haichukui zaidi ya pikseli 16, na ukiikuza sana yanabaki madoa matupu ya kahawia na kijivu. Dada aliyeketi mbele ya skrini haikuzi sana. Anajiegemeza nyuma kidogo, anafinya macho, kisha anaangalia kivuli kabla ya kuangalia paa.

"Kivuli kwanza, mwalimu," ananiambia. Huniita mwalimu ingawa chaki niliiacha zamani.

Setilaiti nyingi za kupiga picha za karibu hupita mnamo saa nne na nusu asubuhi. Jua wakati huo bado liko upande wa mashariki, basi vivuli huangukia magharibi. Nyumba ya msonge hutoa kivuli cha mviringo chenye ncha. Nyumba ya mabati yenye pande nne hutoa kivuli kilichonyooka ukingoni. Paa la nyasi halina mpaka mkali, linafifia taratibu kuelekea udongo. Bati jipya humeta hadi linakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Anabonyeza N, yaani nyasi, picha inaondoka na nyingine inaingia. B ni bati. Kitufe cha tatu ni S, na maana yake ni sijui.

Hicho cha tatu hukitumia zaidi kuliko nilivyotarajia. Nimewaona watu wengi wakifanya kazi za haraka kwenye kompyuta, na wengi wao hawana kitufe cha namna hiyo.

Kwa mshahara, dada huyu ni mwanaprogramu wa mifumo ya malipo jijini Nairobi. Amezoea kazi ambayo ukweli wake haupindi: shilingi mia zikitoka kwenye akaunti moja, lazima ziingie nyingine, na programu inayopatia siku nyingi lakini ikakosea siku moja ni programu mbovu. Kila kanuni ameiandika yeye au mwenzake, na hitilafu ikitokea huufuata msimbo mstari kwa mstari hadi aikamate. Sasa anahamia kwenye ujifunzaji wa mashine, ambako kanuni haiandikwi na mtu. Mashine hupewa mifano na majibu, ikajitafutia kanuni yenyewe, na kanuni hiyo huwa imetawanyika ndani ya mamilioni ya namba zisizosomeka. Programu yake haitakuwa sahihi wakati wote. Kazi ya fundi ni kujua inakosea wapi, mara ngapi, na ni nani anayeumia.

Kilichomsukuma huku ni vuguvugu ambalo kwa Kiingereza linaitwa Effective Altruism, yaani kutenda wema kwa kupima matokeo yake. Mizizi yake inafika kwenye makala ya mwaka 1972 ya mwanafalsafa Peter Singer, raia wa Australia, aliyehoji kwa nini tunamwokoa mtoto anayezama mbele yetu lakini hatumwoni anayekufa mbali. Mwaka 2007 likaanzishwa shirika la GiveWell huko Marekani, kazi yake ikiwa kuchunguza ni misaada gani inaleta faida kubwa zaidi kwa kila dola. Mwaka 2009 Toby Ord na William MacAskill, wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakaanzisha Giving What We Can, ambamo watu huahidi kutoa asilimia 10 ya mapato yao. Mwislamu anayetoa zaka na Mkristo anayetoa fungu la kumi hawatashangazwa na ahadi hiyo. Kinachoweza kuwashangaza ni daftari la hesabu linalofuata baada ya kutoa. Na mwaka 2011 likaja shirika la 80,000 Hours, lililopewa jina hilo kwa kuhesabu saa za kazi katika maisha ya mtu: saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, miaka 40. Swali lake ni moja: saa hizo utazitumia wapi?

Vuguvugu hilo lina doa lake. Sam Bankman-Fried, mfadhili wake mkubwa, alianguka pamoja na kampuni yake ya sarafu za kidijitali, FTX, Novemba 2022, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai. Mimi binafsi huwa na wasiwasi na watu wanaoihesabu Siaya wakiwa Oxford. Lakini dada huyu haihesabu Siaya akiwa Oxford. Shangazi yake anaishi Ugunja, humo humo Siaya, na akipigiwa simu hupokea.

Wengi katika kundi hilo wanaohamia kwenye akili unde huenda moja kwa moja kwenye suala la usalama wake: vipi mashine zenye uwezo mkubwa zitazuiwa zisilete maafa. Yeye anazisoma hoja hizo na hazipuuzi. Alichoamua ni kwamba kabla ya kuzungumzia mashine zitakazoitikisa dunia, ajue kwanza mashine ndogo inavyokosea juu ya paa moja.

Na paa hakulichagua ovyo. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, na shirika la GiveDirectly likatumia njia ya simu kuwatumia maskini wa magharibi mwa Kenya pesa taslimu bila masharti. Swali likawa ni nani apewe. Alama iliyotumika mwanzoni ilikuwa paa la nyasi. Mwaka 2014 Brian Abelson, Kush Varshney na Joy Sun walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutofautisha mapaa ya nyasi na ya bati kwenye picha za setilaiti, ili maofisa wajue ni vijiji gani vya kuanzia. Alama hiyo hiyo ndiyo iliyotumika baadaye katika utafiti mkubwa wa Siaya, uliohusu vijiji 653 na kaya zaidi ya 10,500 zilizopokea takriban dola 1,000 kila moja. Dada huyu ameamua kuirudia kazi ile ya mapaa kwa mikono yake, kwa zana za leo, bila kuajiriwa na mtu. Fundi mwanagenzi hupewa kiti akitengeneze ingawa viti vimejaa dukani.

Hakuanza na picha. Alianza na karatasi. Kozi za bure za mtandaoni zipo tangu ile maarufu ya Andrew Ng ya mwaka 2011, na maktaba za msimbo zilizopo leo zinamwezesha mtu kufundisha mashine kwa mistari kumi au ishirini. Yeye alichora kwanza mtandao wa nyuroni wenye nyuroni tatu tu, akaandika uzito wa kila uzi, akapitisha namba mbele hadi kwenye jibu, kisha akalirudisha kosa nyuma uzi kwa uzi, kwa njia ambayo Rumelhart, Hinton na Williams waliifanya ijulikane sana mwaka 1986. Alipomaliza kuukokotoa mteremko wa kila uzito kwa kalamu, hakujiamini. Aliuchukua uzito mmoja, akauongeza kwa 0.00001, akapiga hesabu yote upya, akaangalia kosa limebadilika kwa kiasi gani. Likalingana na alichokokotoa. Akahamia uzito wa pili. Vitabu vya taaluma hii vinaitaja njia hiyo kwa aya moja na wanafunzi wengi wanairuka. Yeye aliipitisha kwenye kila uzito mpaka mwisho wa ukurasa.

Picha zilipofika, kazi ya kwanza ikawa kujua nyumba ziko wapi. Kuna hazina ya wazi iitwayo Open Buildings, iliyoandaliwa na watu wa Google walioko Accra, ambayo toleo lake la kwanza la mwaka 2021 lilikuwa na majengo milioni 516 ya bara la Afrika. Inatolewa bure. Angeweza kuichukua, akakata mraba kuzunguka kila jengo, akaendelea. Badala yake alivichukua vijiji vichache akavipitia kwa jicho, akilinganisha ramani na picha. Waandaaji wenyewe wameeleza kwamba majengo ya vijijini yaliyojengwa kwa udongo na nyasi hujichanganya na ardhi inayoyazunguka, na mashine huyakosa. Ndivyo alivyokuta. Nyumba zilizoelekea kukosekana kwenye ramani ni zile zile alizokuwa akizitafuta. Basi akaziongeza kwa mkono, msonge mmoja baada ya mwingine, na kwenye daftari akaandika ni zipi zilitoka kwenye hazina na ni zipi aliziweka mwenyewe.

Daftari hilo linastahili kusomwa. Kurasa zake za mbele ni kanuni za kuweka lebo, na kila kanuni ina tarehe, kwa sababu kanuni zilibadilika. Mwanzoni ziliandikwa mbili: nyasi ni nyasi, bati ni bati. Kisha ikaja picha ya paa la kahawia iliyoiva, yenye ukingo ulionyooka, ambayo hakuweza kuiamulia. Alimpigia shangazi.

"Hayo ni mabati ya kuhamishwa, mwanangu," shangazi akamweleza. "Mtu akivunja nyumba yake, mwingine anayanunua. Yanakuja na kutu yake."

Kanuni ya tatu ikaandikwa: kutu yenye ukingo ulionyooka ni bati. Ya nne ilitoka pia kwa shangazi: paa la nyasi likianza kuvuja, watu hulifunika kwa karatasi ya nailoni, na kutoka juu nailoni humeta. Kwa hiyo, mng'ao usio na mistari ya mabati, juu ya umbo la mviringo, ni nyasi. Ya tano ilimchukua muda mrefu zaidi. Katika boma la Waluo, nyumba kubwa inaweza kuwa ya mabati na kando yake ikawapo simba, kibanda cha kijana wa kiume, kilichoezekwa nyasi. Je, kaya hiyo ni ya nyasi au ya bati? Picha haijui nani anakula kutoka chungu gani. Aliamua kuweka lebo kwa jengo badala ya kaya, akaandika chini yake kwa wino mwekundu kwamba mtu yeyote atakayeitumia kazi hii asihesabu majengo akidhani anahesabu familia.

Baada ya wiki mbili alizichukua picha mia alizokwisha kuziwekea lebo, akazichanganya, akaficha majibu ya awali na kuziwekea lebo upya. Alitaka kujua kama anakubaliana na nafsi yake. Pale alipojipinga, alikuta karibu kila mara ni kutu. Akairudia kanuni ya tatu, akaiandika vizuri zaidi, na picha zote za kutu akazipitia tena tangu mwanzo.

Halafu ukaja mgawo. Mashine hufundishwa kwa picha za kundi moja na kupimwa kwa kundi jingine ambalo haijawahi kuliona. Njia ya haraka ni kuzichanganya picha zote na kuzigawa kama karata. Yeye aligawa kwa vijiji: kijiji kizima kiende kwenye mafunzo, au kizima kiende kwenye kipimo. Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Nyumba mbili za boma moja hupigwa picha siku moja, zina udongo wa rangi moja, zina nyasi zilizokatwa bonde moja. Ukiiweka moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, mashine imeonyeshwa mtihani kabla ya siku yake. Vijiji vichache vya mwisho aliviweka kwenye folda ya peke yake, akaifunga kwa nywila. Hiyo itafunguliwa mara moja tu, kazi ikishaisha yote.

Nilidhani sasa ataiwasha mashine. Akaandika kwanza kanuni ya kijinga, jina hilo ni lake, ya mistari minne: chukua wastani wa mwanga wa pikseli za katikati, ukizidi kiasi fulani sema bati, usipozidi sema nyasi. Kanuni hiyo iliyapata mabati mapya yote na ikayakosa yaliyoshika kutu. "Hii ndiyo ya kushindana nayo," akasema. Mtandao wa mamilioni ya namba usipoishinda mistari minne kwa tofauti inayoeleweka, hakuna haja ya kuutumia.

Mtandao aliouchukua ni ResNet ya tabaka 18, ndugu mdogo katika ukoo wa mitandao iliyobuniwa na Kaiming He na wenzake wa Microsoft mwaka 2015. Una zaidi ya uzito milioni 11, na ulikwisha kufundishwa na wengine kutambua vitu vya kawaida kwenye picha zaidi ya milioni moja: mbwa, vikombe, malori. Haujawahi kuona Siaya kutoka angani. Lakini tabaka zake za mwanzo zinajua ukingo ni nini, rangi inabadilikaje, mistari inafuatanaje, na ujuzi huo unahamishika. Fundi hukata kichwa cha mtandao, akaweka kingine chenye majibu mawili.

Alipoendesha hatua ya kwanza, skrini ikaandika 2.30. Akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa hiyo akanieleza. Mashine ambayo bado haijajifunza chochote, ikitakiwa kuchagua kati ya majibu mawili, inapaswa kuanza na kosa la takriban 0.69, ambalo ni logi asilia ya 2. Na 2.30 ni logi asilia ya 10. Msimbo wa kichwa aliunakili kutoka zoezi la kutambua tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, akasahau kubadilisha idadi ya majibu. Mashine ilikuwa inachagua kati ya majibu kumi, manane kati yake yasiyokuwepo. Kinachotisha ni kwamba programu isingekwama. Ingejifunza vivyo hivyo, ikatoa majibu yanayokaribia kuridhisha, na hakuna ujumbe mwekundu ambao ungetokea. Namba moja, katika sekunde ya kwanza, ilimwambia yote kwa sababu alijua mapema inapaswa kuwa ngapi.

Akarekebisha, akaendesha tena: 0.69. Bado hakuanza mafunzo. Alichukua picha nane tu akaiamuru mashine izikariri. Ikikosa hata kukariri picha nane, kuna bomba limepasuka mahali fulani kati ya picha na jibu. Kosa likashuka hadi karibu na sifuri. Hapo ndipo alipoiachia data yote.

Hatua ya mafunzo yenyewe ndiyo watu huipigia picha, na ndiyo yenye machache ya kusimulia. Alikodi kadi ya grafiki kwa saa, kwenye intaneti. Alizifunga tabaka za zamani, akafundisha kichwa peke yake, kisha akazifungua na kuipunguza kasi ya kujifunza ili ule ujuzi wa zamani usiharibiwe. Kila mzunguko ulipokwisha, mashine ilijihifadhi kwenye faili, maana pale mtaa wa Umoja, Nairobi, stima hupotea bila hodi. Mistari miwili ilichorwa kwenye skrini: kosa la mafunzo na kosa la kipimo. Yote miwili ilishuka pamoja, kisha ule wa kipimo ukaanza kupanda huku wa mafunzo ukiendelea kushuka. Hiyo ni dalili kwamba mashine imeacha kujifunza na imeanza kukariri. Akairudia faili ya kabla ya kosa hilo kupanda, akafunga mtambo, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi alikuwa na mashine inayoishinda kanuni ya kijinga kwa mbali. Wengine wangeishia hapo na kutangaza. Kwake kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Alifungua lahajedwali na kuorodhesha makosa yote ya kipimo, akitanguliza yale ambayo mashine ilikosea huku ikiwa na uhakika mkubwa. Safu ya mwisho aliiacha wazi na kuipa kichwa "Sababu". Kisha akaanza kuyatazama, moja moja. Nilikaa naye jioni nzima na hakuna jambo lililotokea ambalo ungeliita tukio. Picha inafunguka. Anaitazama. Anaandika: "kivuli cha mwembe". Inayofuata: "wingu jembamba". Inayofuata: "lori, si nyumba". Inayofuata: "lebo yangu ni mbaya".

Hiyo ya mwisho ilijirudia mara kadhaa. Mashine ilikuwa sahihi na yeye ndiye aliyeteleza. Mtu mwingine angezisahihisha lebo hizo na kuendelea. Yeye alisimama. Akieleza taratibu, alisema kwamba ukizipitia upya zile lebo tu ambazo mashine imezipinga, basi unauvuta ukweli upande wa mashine, na alama zake zitapanda bila kustahili. Kwa hiyo alichukua sampuli ya picha ambazo mashine ilikubaliana naye, idadi ile ile, akazipitia kwa uangalifu ule ule. Akakuta humo pia makosa ambayo yeye na mashine waliyafanya pamoja.

Sababu ziliendelea kujaa, mpaka akaona jambo asilolipenda. Nyumba kadhaa za mabati zilizoshika kutu ziliitwa nyasi, na zote zilikuwa ndani ya boma la zamani lenye uzio wa minyaa. Upande wa pili, nyumba za nyasi zilizo karibu na soko, zisizo na uzio, ziliitwa bati. Akachukua picha ya nyumba ya nyasi ambayo mashine iliipatia vizuri, akalifunika paa lote kwa mraba wa kijivu, akairudishia mashine. Paa halipo tena. Mashine ikajibu: nyasi, kwa uhakika mkubwa. Akaliacha paa na kuufunika uzio. Uhakika ukaanguka.

Kwa hiyo sehemu ya siri ya ushindi ule ilikuwa hii: mashine ilikuwa inatazama ua. Maboma ya zamani ya vijijini yana minyaa na yana nyasi, basi ikaona rahisi kuhesabu minyaa. Majibu yake mengi yalikuwa sahihi na sababu yake haikuwa sahihi. Maskini aliyepanga kibanda cha nyasi nyuma ya soko asingeonekana kamwe. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini hakuona umbali mkubwa kati ya mapaa yake na ule mjadala wa usalama wa akili unde: wale wanaouchukulia kwa uzito wanaogopa jambo hili hili, mashine inayofaulu mtihani kwa njia ambayo hatukuikusudia, ila kwenye mambo makubwa zaidi ya paa.

Alipunguza mraba ili ua mwingi ubaki nje. Aliongeza picha kutoka sokoni. Wakati wa mafunzo aliifundisha mashine kwa picha ambazo mandhari yake yamefunikwa ovyo ovyo, ili isiweze kuyategemea. Kisha akafundisha upya tangu mwanzo. Alama za kipimo zikashuka kidogo, kwa sababu vijiji vingi vya kipimo navyo vina minyaa na ile njia ya mkato ilikuwa ikisaidia. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kupungua kwa alama namna ile. Alirudia jaribio la mraba wa kijivu: paa likifunikwa, mashine sasa haikuwa na la kusema.

Likabaki suala la mpaka. Mashine haisemi nyasi au bati, inatoa namba kati ya sifuri na moja, na binadamu ndiye anayeamua ikate wapi. Tuseme kijiji kina nyumba mia na 90 ni za bati. Mashine inayosema "bati" kila inapoulizwa itapata asilimia 90, na haitakuwa imempata maskini hata mmoja. Kwa sababu hiyo asilimia ya jumla hakuiandika popote. Aliandika makosa ya aina mbili kwenye safu mbili na kuyapa gharama. Nyumba ya bati ikiitwa nyasi, ofisa anapanda bodaboda, anafika, anaona amekosea, anarudi. Imepotea nauli na saa chache. Nyumba ya nyasi ikiitwa bati, hakuna anayefika. Akaushusha mpaka hadi pale ambapo safari za bure ziliongezeka sana na nyumba zilizosahaulika zikawa chache, na pembeni akaeleza kwa nini, ili asiyekubaliana naye aweze kuusogeza.

Anajua vizuri kwamba kazi hii haitaleta shilingi kwa mtu yeyote wa Siaya. Mabati yameenea, paa la nyasi halimtambulishi maskini kama zamani, na GiveDirectly yenyewe baadaye ilielekea kuwapa watu wote wa kijiji badala ya kuchagua kwa mapaa. Picha nazo huzeeka: waliopata pesa wengi walinunua mabati, na setilaiti ya mwaka juzi bado inawaonyesha wakiwa chini ya nyasi. Yote hayo ameyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yake, kabla ya matokeo.

Folda ya vijiji vya mwisho bado imefungwa. Ripoti iko tayari isipokuwa mstari mmoja wa namba, na dada huyu ameanza kuomba kazi katika mashirika yanayotumia ujifunzaji wa mashine kwa afya na misaada. Vyeti vya kozi za mtandaoni anavyo, kama walivyo navyo wengine wengi watakaoomba pamoja naye. Anayeketi upande wa pili wa meza siku ya usaili aviweke kando na amwombe afungue lile lahajedwali la makosa, asome safu ya mwisho kutoka juu hadi chini.